Mgonjwa Mmoja, Matabibu Wawili

Katika vijiji viuzungukavyo Mlima Meru, kuanzia Olkokola na Ngaramtoni upande wa magharibi hata Nkoaranga, Akheri na Ngarenanyuki upande wa mashariki, mgonjwa mmoja aghalabu huwa na matabibu wawili, na matabibu hao hawana habari ya wao kwa wao. Wa kwanza ni yule aliye karibu na mlango wake, mama au mzee aijuaye mizizi na magome, ambaye huitwa usiku wa manane bila cheti wala foleni, na ujira wake huweza kungoja mavuno. Wa pili ni muuguzi au daktari wa zahanati, mwenye vipimo, vidonge na rejesta. Mgonjwa huwaendea wote wawili kwa imani moja, akanywa cha huyu asubuhi na cha yule jioni, ila kila amwendeapo mmoja humficha habari ya mwingine. Nadai katika makala haya kwamba siri hiyo imekwisha kuwadhuru watu wetu kiasi cha kutosha, na kwamba kuiondoa kunahitaji fedha kidogo mno kuliko tunavyodhani.

Natutazame kwanza mali yenyewe iliyopo, maana asiyeijua hawezi kuona kwa nini watu hawaiachi. Mlima Meru huinuka zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na miguu yake hutua katika nyika kavu ambako mvua ni adimu, hata mtu akitembea kutoka mbuga za Oldonyosambu mpaka msitu wa ukungu ulio juu ya Olmotonyi hupita katika nchi kadhaa za mimea, na kila nchi ina dawa zake. Huko nyikani umo olkiloriti, mgunga wa miba mirefu, ambao gome na mizizi yake huchemshwa na Wamaasai na Waarusha pamoja na supu ya nyama, wakisema kwamba huyeyusha mafuta tumboni na kumtia kijana ushupavu. Ndiyo maana vijana waendapo orpul, yaani kambi ya kula nyama mbali na maboma, hawaendi bila mtu anayeijua miti. Umo olmukutan, ambao gome lake hufukuza tegu tumboni, na wazee waujuao hukaza sana habari ya kipimo chake, kwa sababu aliyezidisha hutapika na kuhara hata akalegea. Umo oloisuki, jamaa ya mjafari wa pwani, ambao gome na vijitunda vyake huchemshwa kwa ajili ya kikohozi na homa. Uko na osokonoi, ambao gome lake likitafunwa huwaka mdomoni kama pilipili manga, na mwenye kifua hukata kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, akakitafuna pole pole na kumeza mate yake, bila kunywa maji mpaka ule moto upungue kooni. Aliyejifunza vyema kwa mama yake au babu yake hujua pia namna ya kulitoa gome lenyewe: huchuna upande mmoja tu wa shina, na ukanda mwembamba, maana mti uliomenywa pande zote hufa, na mwaka wa pili atalazimika kutembea mbali zaidi.

Elimu hii haikubaki porini. Ukifika soko la Kilombero mjini Arusha, au gulio la Tengeru, au lile la Ngaramtoni, utawakuta akina mama wa Kimaasai na Kiarusha wametandaza turubai chini, na juu yake wamepanga mizizi iliyofungwa vitita, magome yaliyokaushwa juani, na unga wa rangi ya udongo uliotiwa katika chupa tupu za maji ya kunywa. Kipimo ni kifuniko cha chupa, au kijiko cha chai, au kikombe cha kahawa. Mama mmoja niliyekaa naye kwa muda mrefu alikuwa hafungui chupa kabla ya kumwuliza mnunuzi: dawa ni ya nani, ana umri gani, ana mimba, na amekula? Maswali haya ndiyo yaulizwayo na tabibu ye yote mwenye akili, na niliyasikiliza kwa heshima. Lakini liko swali moja ambalo hakuliuliza hata kwa mnunuzi mmoja, nalo ni hili: mgonjwa huyu anatumia dawa gani za hospitali?

Wala huko zahanati hakuna unafuu. Niliketi siku moja katika benchi la zahanati ya kijiji kimoja cha Arumeru, ambacho sina haja ya kukitaja, nikiwa nimemsindikiza jirani yangu. Mbele yetu alikuwapo bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake, mtoto wa mwaka mmoja na ushei, aliyekuwa akihara tangu juzi na macho yake yamedidimia. Muuguzi alimwamkia vizuri, “Shikamoo, bibi,” naye akaitikia, “Marahaba, mjukuu wangu.” Kisha akaulizwa amempa mtoto nini nyumbani. “Uji tu, mjukuu wangu.” Muuguzi akaongeza sauti, “Hujampa miti shamba? Maana ninyi ndio mnaotuulia watoto.” Bibi akainamisha kichwa, akasema kwamba hajampa. Mtoto akaandikiwa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, pamoja na vidonge vya zinki, na bibi akashukuru akatoka. Tulipomkuta chini ya mti akingoja bodaboda alitueleza mwenyewe, bila ya kuulizwa, kwamba tangu jana alikuwa akimpa mtoto maji ya osuguroi, yaani shubiri, ili “kulisafisha tumbo,” na kwamba usiku ataendelea nayo mpaka uchafu uishe. Shubiri, kwa tabia yake, huharisha. Mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini alikuwa anarudishwa nyumbani akaharishwe tena, na mtu pekee aliyeweza kulizuia jambo hilo alikuwa ameuliza swali lililo sahihi kwa namna iliyolifanya lisijibike.

Simlaumu muuguzi yule peke yake, kwa kuwa karipio lake lina asili ndefu kuliko umri wake. Wamisionari wa Kilutheri walipofika Meru mwaka 1896, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa huko Akheri. Wenzao waliokuja baadaye wakajenga Nkoaranga, na kanisa, shule na tiba vikaenda pamoja, hata mtu aliyebatizwa akaona kwamba kuiacha dawa ya babu yake ni sehemu ya kuokoka kwake. Serikali ya Kiingereza ikaja na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo machoni pa mwanakijiji haikumweka mbali mchimba mizizi na mpiga ramli. Nasi baada ya uhuru hatukulimaliza jambo hilo. Mnamo Januari 2009, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alipotangaza kufutwa kwa leseni za waganga wote wa jadi kwa sababu ya mauaji ya kinyama ya ndugu zetu wenye ualbino, ghadhabu yake ilikuwa ya haki kabisa. Lakini katazo lile lilimkumba mama auzaye gome la kikohozi pamoja na laghai aliyeagiza viungo vya binadamu. Bunge lilikuwa limekwisha kutunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Na. 23 ya mwaka 2002, ambayo ndiyo iliyoliweka Baraza la kuwasajili na kuwasimamia waganga hao, na ambayo ilimpa mjuzi wa miti nafasi yake ya halali. Sheria hiyo ipo. Katika benchi la zahanati, walakini, desturi ingali na nguvu kuliko sheria, na desturi yasema kwamba mtu mstaarabu hukana kuwa ametumia mizizi.

Madhara ya kukana huko hayalingani kwa watu wote, na kundi la kwanza la kuhurumiwa ni wajawazito. Ni desturi iliyoenea katika sehemu nyingi za Tanzania kwa mwanamke aliyekaribia kujifungua kunyweshwa dawa ya kuongeza uchungu, na wakunga wa jadi wanaijua, na mama wakwe wanaijua, na aghalabu mjamzito huinywa kabla tu ya kuondoka nyumbani ili asichelewe akifika. Baadhi ya mimea hiyo kweli huukaza mji wa mimba. Ndiyo sababu inatumika. Sasa mwanamke huyo afikapo hospitali akiwa kimya, na mkunga akaona uchungu hauendi kama upasavyo, naye akamwekea dripu ya dawa ya uchungu kwa kipimo cha kawaida, huwa amewekewa dawa juu ya dawa ya kazi ile ile, na mji wa mimba uliokazwa mara mbili huweza kupasuka. Mkunga angalijua, angalingoja au angalipunguza. Mkwe angaliulizwa kwa upole, angalisema, maana hakuna mkwe aliyemsindikiza mke wa mwanawe hospitali usiku kwa nia ya kumzika. Hapa neno moja, likisemwa kwa wakati wake, ni dawa kamili, na kutosemwa kwake huweza kuacha maiti mbili.

Kundi la pili ni wale wanaotumia dawa za maisha, yaani wenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa na virusi vya UKIMWI. Mkoa huu wetu wa Arusha unayo kumbukumbu ambayo Tanzania nzima inaijua. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, eneo la Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, Mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapile, ambaye watu walimwita Babu, alikuwa akinywesha kikombe cha maji yaliyochemshwa mizizi ya mugariga, kwa shilingi 500, akisema ameoteshwa na Mungu. Mti wenyewe si mgeni: Wamaasai huuita olamuriaki, watu wa pwani huuita mtandamboo, na watoto wachunga mbuzi hula matunda yake meusi tangu zamani. Watu walikuja kwa malaki kutoka kila pembe ya nchi na kutoka nchi jirani, kwa mabasi, kwa malori, na wenye uwezo kwa helikopta. Foleni ya magari ilifika kilometa nyingi katika vumbi lile, hata mwishoni mwa Machi ikabidi Babu mwenyewe aombe watu wasije mpaka msongamano upungue, na magazeti ya wakati ule yakaandika kwamba wagonjwa zaidi ya 50 walifia njiani na katika foleni. Babu alifariki Julai 2021, na sina nia ya kuihukumu imani yake. Ninachokikumbuka kwa uchungu ni kwamba wako walioacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa kikombe, wakakaa miezi bila kwenda kliniki, nao hawakumwambia mtu ye yote mpaka walipozidiwa. Serikali iliyasimamia magari, ikatengeneza utaratibu wa kuingia na kutoka. Kilichokosekana Samunge ni meza moja tu, yenye muuguzi mmoja, kando ya kile kikombe, wa kumwambia kila mnywaji: kunywa ukipenda, lakini usiache vidonge vyako mpaka upimwe.

Madaktari wana hoja yao, nayo ni nzito. Husema kwamba hawawezi kuiandika katika cheti dawa isiyojulikana nguvu yake, kwa maana mzizi uliochimbwa masika si sawa na uliochimbwa kiangazi, na kikombe cha huyu si sawa na kikombe cha yule. Ni kweli, tena ni kweli ya tangu kale. Abu Ali Ibn Sina, katika Kanuni ya Tiba aliyoimaliza takriban mwaka 1025, aliweka masharti ya kuijaribu dawa kabla ya kuiamini: iwe safi isiyochanganywa, ijaribiwe kwa maradhi mamoja yasiyo na mchanganyiko, matokeo yake yaonekane daima wala si mara moja tu, na ijaribiwe kwa mwanadamu, kwani dawa imfaayo mnyama huenda isimfae mtu. Mtu anayetaka dawa zetu za Meru zipimwe kwa masharti kama hayo si adui wa mila. Ni rafiki yake wa kweli. Ila kupima hakuanzi maabara. Huanza pale mtu mmoja anapomsimulia mwingine, bila woga, ni mti gani aliotumia, sehemu gani, kiasi gani, na kwa namna gani.

Na hiyo “namna gani” ndiyo inayopotea kwa haraka zaidi. Mwanasayansi wa Kichina Tu Youyou, aliyepewa Nishani ya Nobel mwaka 2015, alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika miti ya kwao, majaribio yake ya kuchemsha yalikuwa hayatoi matokeo ya kutegemewa, mpaka aliporudi katika kitabu cha tabibu Ge Hong cha karne ya 4 na kuona kwamba mwandishi yule hakuagiza mmea uchemshwe bali uloweshwe katika maji na kukamuliwa, ndipo akatambua kwamba huenda moto ndio ulioua nguvu yake. Kutoka katika mmea ule, Artemisia annua, ikapatikana artemisinini, iliyomo katika vidonge vya mseto ambavyo Tanzania ilivifanya kuwa dawa ya kwanza ya malaria kuanzia mwaka 2006 na 2007. Na mmea wenyewe, kama wakulima wa huku wajuavyo, umepata kulimwa katika mashamba ya Arusha kwa ajili ya viwanda. Tena hapa lazima niseme kwamba Shirika la Afya Duniani halishauri kuutumia mmea huo kama chai ya kutibu malaria, kwa kuwa dawa iliyomo huwa kidogo na isiyo thabiti, na dozi pungufu huwafundisha vijidudu kuishinda dawa. Walakini nani ameandika namna bibi wa Olkokola anavyoiandaa osokonoi yake, kama huilowesha au huichemsha, kama hutumia gome bichi au kavu? Bibi huyo hana mwanafunzi, kwa sababu wajukuu wake wako mjini wakitembeza watalii, na siku ya maziko yake elimu yake itazikwa pamoja naye.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba vyombo vya kuifanya kazi hii tunavyo hapa hapa, karibu kuliko mikoa mingi. Hapo Ngaramtoni, katika majengo ya iliyokuwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu na ambayo sasa ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, imehifadhiwa hazina ya taifa ya sampuli za mimea mikavu, kila kitawi kimebandikwa juu ya karatasi na jina lake la kitaalamu. Pale Ngongongare, kando ya Hifadhi ya Arusha, kipo kituo cha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kinachoshughulika na tiba asili. Na Tengeru ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, yenye vijana wenye maabara na ari. Muuguzi aliye na shaka juu ya jani aliloletewa na mgonjwa angeweza kulifunga katika gazeti na kulipeleka Ngaramtoni kwa nauli ya daladala. Lakini hakuna aliyemwambia kwamba jambo hilo laruhusiwa, sembuse kwamba latakiwa.

Wala si kweli kwamba ushirika wa namna hii ni ndoto. Azimio la Alma Ata la mwaka 1978, lililoiweka afya ya msingi katika midomo ya mataifa, liliwataja matabibu wa jadi kati ya watu wa kutumiwa pale inapohitajika. Na huko Tanga, tangu mwaka 1990, madaktari na wauguzi wa hospitali waliungana na waganga wa mitishamba chini ya kikundi kilichojulikana kama Tanga AIDS Working Group, wakati ambapo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijafika kwa watu wa kawaida. Waganga wakatoa mimea waliyoizoea kwa vidonda vya mdomoni, kuhara, ngozi na kukosa hamu ya chakula, wauguzi wakawatembelea wagonjwa majumbani na kuandika walichokiona, na kila upande ukajifunza kumpeleka kwa mwenzake mgonjwa aliyeuzidi uwezo wake. Hakuna aliyevuliwa heshima. Kilichofanyika Pangani na Tanga mjini hakishindikani huku kwetu Usa River.

Tena yako maradhi ya mlima huu ambayo hayana mzizi wala kidonge, nayo ndiyo yangefaidika upesi zaidi matabibu wawili wakizungumza. Mlima Meru ni wa volkano, na chemchemi na mito yake kadhaa, hasa upande wa Maji ya Chai, Ngurdoto na Ngarenanyuki, hubeba floridi nyingi kupita kiasi. Kipimo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na maji ya sehemu hizo hukizidi mara nyingi. Meno huwa ya kahawia, na mtoto aliyekunywa maji makali tangu utotoni, na kulishwa vyakula vilivyopikwa kwa magadi yenye floridi vilevile, huweza kupinda miguu asiweze kusimama sawasawa. Nimemwona mama akinunua gulioni dawa ya “miguu ya mtoto,” kitita cha mizizi ya kuchemsha, na maji ya kuichemshia ni yale yale yaliyoipinda miguu hiyo. Aliyeuza hakuwa mwongo, hakujua. Muuguzi alijua, lakini mama huyo alikuwa hajafika kwake. Muuza mizizi aliyefahamishwa jambo hilo angekuwa mjumbe bora kuliko bango lo lote, kwa sababu akina mama humwendea yeye kwanza, na akisema, “Mwanangu, badili maji, acha magadi,” watamsikia.

Wazee nao wana hofu yao, na haifai kuipuuza. Huogopa kwamba wakisema wataibiwa. Uko mti wa misitu ya milimani, Prunus africana, ambao Wakikuyu wa Kenya huuita muiri, na ambao gome lake limetumiwa Ulaya kwa miongo mingi kutengeneza dawa ya tezi dume. Miti ikachunwa katika nchi mbalimbali za Afrika hata mwaka 1995 ikabidi biashara yake iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na wachunaji wa vijijini hawakutajirika. Kwa hiyo mzee anayekataa kumtajia mtafiti mti wake ana sababu. Atasema atakapoona jina lake limeandikwa kando ya elimu yake, kwa makubaliano ya maandishi yaliyosomwa mbele ya mashahidi wa kijiji, na atakapohakikishiwa kwamba hatakamatwa na askari wa msitu kwa kukutwa na gome mkobani. Sehemu kubwa ya mlima ni hifadhi na msitu wa Serikali, na ni vyema iwe hivyo. Basi vitalu vya miche ya osokonoi, oloisuki na mingineyo vianzishwe katika shule na vihamba, ili mtu asilazimike kuwa mhalifu kwa sababu ya kikohozi cha mwanawe.

Naomba jambo dogo, nalo nalitaka lianze katika kliniki za wajawazito. Wagonjwa wetu huenda zahanati na daftari, na wajawazito na kadi. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari, na juu ya kadi, uongezwe mstari mmoja wa kuandika dawa ya nyumbani iliyotumika, na sehemu ya mti, na siku. Swali nalo liulizwe kwa maneno yasiyo na hukumu ndani yake: “Bibi, kabla hujaja kwetu, mmesaidiana na dawa gani nyumbani?” Mratibu wa tiba asili wa halmashauri awakusanye wauza dawa wa magulio na wakunga wa jadi, akae nao pamoja na wauguzi, nao wauza dawa wafundishwe kuuliza lile swali moja ambalo hawaliulizi. Nimewasikia wauguzi wakilalamika kwamba hawana nafasi ya kuandika zaidi, nami nawahurumia kwa hakika, kwa kuwa mmoja hufanya kazi ya watatu. Ila mstari huo utawapunguzia wagonjwa wanaorudi wakiwa wamezidiwa. Halmashauri ya Wilaya ya Meru na ile ya Arusha hazina haja ya kungoja waraka wa Dodoma ili kuyajaribu haya katika zahanati chache kwa mwaka mmoja, kisha mganga mkuu wa wilaya akayasoma madaftari na kuwaeleza madiwani alichokikuta. Vikao vya baraza la madiwani huwa wazi kwa mwananchi kuhudhuria, nami nimekwisha kumwandikia diwani wa kata yangu kumwomba alipeleke jambo hili huko.